Ramani Moja, Tarehe Nne

Ukiishika ramani ya Uingereza ya inchi moja kwa maili, ile ya mfululizo wa saba ulioanza kutoka 1952, na ukashuka mpaka chini kabisa ya fremu, utaona herufi moja ndogo imejibanza pambizoni. A, au B, au C. Pengine imefuatwa na mkwaju (/) mmoja, pengine miwili. Aliyeinunua dukani ili akapande milima hakuwa na haja nayo. Herufi inataja toleo. Mkwaju unasema kwamba baada ya toleo hilo kutoka, kitu kidogo kilibadilishwa, labda barabara mpya iliongezwa, huku sehemu nyingine yote ya ramani ikiachwa kama ilivyokuwa.

Wapo watu nchini Uingereza waliozifuatilia herufi hizo shiti kwa shiti, yaani karatasi moja moja ya ramani, kwa miongo. Wanalinganisha nakala, wanaandika orodha, wanabishana juu ya uchapaji upi ulitangulia upi. Tangu 1980 wana chama chao, Charles Close Society, na jarida lao, Sheetlines. Wanachochunguza ni kazi ya taasisi moja tu: Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji na ramani. Wengi wao wanaifanya kazi hii kwa mapenzi, baada ya saa za kazi au baada ya kustaafu.

Ni rahisi kuwaona kama wakusanyaji wa stempu. Mimi nawaona vingine, na nataka kueleza kwa nini. Watu hawa ndio wanaotuambia ramani inaweza kutoa ushahidi wa jambo gani, na ushahidi huo unakomea wapi. Mwanasheria, mwanahistoria na ofisa wa halmashauri wote wanaegemea ramani za zamani, na mara nyingi wanaziegemea bila kujua wameshika nini.

Tatizo linaanzia kwenye swali linaloonekana jepesi: ramani hii ni ya mwaka gani? Karibu kila shiti la Ordnance Survey lina miaka isiyopungua minne. Kuna mwaka ambao wapimaji walipita na minyororo yao ya kupimia. Kuna mwaka ambao mtu alirudi kukagua kilichobadilika. Kuna mwaka wa kutoka toleo, na kuna mwaka ambao nakala uliyoishika ilitoka mashineni. Kati ya wa kwanza na wa mwisho inaweza kupita miaka hamsini. Anayesema "ramani ya 1880 inaonyesha nyumba hii" bila kutaja anazungumzia mwaka upi kati ya hiyo hajasema kitu bado.

Hali hiyo ilitokana na jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Ordnance Survey huhesabu umri wake kuanzia 1791, pale bodi ya serikali iliyosimamia silaha iliponunua theodolaiti kubwa, chombo cha kupimia pembe, ya fundi Jesse Ramsden. Mizizi ni ya kijeshi kabisa. Baada ya uasi wa 1745 jeshi la Uingereza liligundua kwamba halina ramani ya maana ya milima ya Uskoti, na William Roy akaongoza upimaji wa huko kati ya 1747 na 1755. Mwaka 1784 Roy huyohuyo alipima mstari wa msingi kwenye uwanda wa Hounslow, magharibi mwa London, maili tano na kidogo, ili pembetatu zote za baadaye, ambazo kwa hizo nchi hupimwa, zipate pa kuanzia. Ramani ya kwanza, ya Kent, ilitoka 1 Januari 1801, wakati Uingereza inahofia uvamizi wa Wafaransa, na Kent ndiyo iliyokuwa mlangoni.

Ramani hizo za mwanzo zilichongwa kinyumenyume kwenye mabamba ya shaba. Bamba lilikuwa mali ya thamani, hivyo halikutupwa. Mji ulipokua, fundi aligonga shaba upande wa nyuma, akaisawazisha, akachonga mitaa mipya. Reli ilipopita, aliichonga juu ya kazi ya zamani. Lakini tarehe ya mwanzo iliyochongwa chini mara nyingi haikuguswa. Ndiyo maana unaweza kukuta shiti lililoandikwa 1805 huku reli imepita katikati yake, ilhali reli ya kwanza ya treni za mvuke kati ya miji mikubwa, ya Liverpool na Manchester, ilifunguliwa 1830. Asiyejua historia ya bamba atasema ramani imekosea. Anayeijua ataangalia reli zipi zipo na zipi hazipo, na kwa hilo pekee ataweza kusema nakala hii ilichapwa baada ya mwaka fulani na kabla ya mwaka mwingine.

Kazi hiyo ya kuziweka nakala katika miaka yake ndiyo iliyofanywa na J. B. Harley, mwanajiografia wa Kiingereza, kwa ramani hizo za kwanza za inchi moja zilipochapwa upya kati ya 1969 na 1971. Jina lake linajulikana zaidi kwa kitu kingine, nami nitalirudia baadaye, kwa sababu watu wengi wanamgawa vipande viwili na kusahau kimoja.

Pale ramani zinapokuwa kubwa, maelezo yanakuwa matamu zaidi. Mwaka 1841 moto uliunguza jengo la Mnara wa London walimokuwa wapima ramani, wakahamia Southampton. Kuanzia miaka ya 1850 walianza kupima mashamba na vijiji kwa skeli ya moja kwa 2,500, karibu inchi 25 kwa maili. Humo kila uwanja una namba na ekari zake, na mpaka wa parokia umeandikiwa unapita wapi hasa. Kwenye mstari wa nukta utaona "4ft R.H.", maana yake mpaka uko futi nne kutoka shina la uzio wa miti. Hatua chache mbele utaona "C.S.": mpaka umeingia mtoni na sasa unafuata katikati ya mkondo. Mto ukihama, mpaka wa kisheria unaweza kubaki ulipopimwa. Mtu aliyepanga herufi hizo mbili tatu alikuwa amesimama pale, kwenye tope, na wazee wa parokia zote mbili wakimwonyesha kwa fimbo. Sijui nyaraka nyingi za serikali zinazobeba ukweli mwingi kiasi hicho ndani ya nafasi ndogo kiasi hicho.

Halafu kuna njia za miguu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, ramani hizi zimebeba onyo pambizoni: kuonyeshwa kwa barabara au njia si ushahidi kwamba kuna haki ya kupita. Onyo hilo limesababisha ubishi mwingi mahakamani, na lina maana yake. Mpimaji alichora alichokiona ardhini, hakuulizwa ni cha nani. Ila kuona nako ni ushahidi. Ramani inayoonyesha njia ikitoka kijiji hadi kanisani mwaka 1875, ikaionyesha tena 1898 na tena 1910, inasema kwamba watu walipita hapo kwa kizazi kizima, mradi tuwe na hakika kwamba mara hizo tatu mtu alikwenda kweli kutazama, na kwamba mchoro wa zamani haukunakiliwa tu. Hapo ndipo orodha za wale wapenzi wa ramani zinapogeuka kuwa kitu cha haki za watu.

Mwaka 2020, The Ramblers, chama cha watembea kwa miguu, kiliwaomba watu wa kawaida walinganishe kwenye kompyuta ramani za miaka ya 1900 na za leo. Walipata zaidi ya maili 49,000 za njia za Uingereza na Wales ambazo hazimo kwenye kumbukumbu rasmi za haki ya kupita. Kabla ya hapo, kati ya 2016 na 2018, wafanyakazi wa kujitolea wa mradi wa GB1900 walinakili zaidi ya majina na maandishi milioni 2.5 kutoka ramani za inchi sita kwa maili, mpaka vile vifupisho vya "F.P." vinavyoonyesha njia ya miguu. Serikali isingelipa kazi hiyo. Iliwezekana kwa sababu haki miliki ya ramani za serikali huisha baada ya miaka 50, na kwa sababu Maktaba ya Taifa ya Uskoti iliziweka ramani hizo wazi mtandaoni, kwa picha safi, bila malipo, pamoja na maelezo ya mwaka wa kupima na mwaka wa kuchapa wa kila shiti. Maelezo hayo yanasomeka kirahisi leo kwa kuwa kuna watu waliotumia miaka kuyapanga.

Sasa majina. Wapimaji walikuwa na daftari za majina, na daftari za Uskoti zimesalia hadi leo. Kila jina la kilima, kijito au nyumba limeandikiwa tahajia zake mbalimbali, maelezo mafupi ya mahali, na majina ya watu waliothibitisha: mchungaji, mwalimu, mwenye shamba. Ukizisoma utaona nani aliulizwa. Maelekezo ya ofisi yalisema wazi kwamba wakulima wadogo na wakazi wa vibanda wasitegemewe, hata kwa jina la mahali wanapoishi, hasa kwenye tahajia. Katika nyanda za juu za Uskoti, ambako watu walizungumza Kigaeli nyumbani, mwenye jina alikuwa mmoja na mwenye kuliidhinisha alikuwa mwingine. Karibu daftari zote za Uingereza na Wales ziliteketea pale ndege za Wajerumani zilipoipiga Southampton mwishoni mwa 1940. Kwa maeneo hayo, anayetaka kujua jina liliingiaje kwenye ramani hana budi kulifuatilia toleo baada ya toleo, aone liliandikwaje kwanza, lilibadilika lini, na lini lilitoweka.

Kutoweka ndilo jambo linalonigusa zaidi katika habari hii yote. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili, Ordnance Survey ilitoa ramani zilizotengenezwa kwa kuunganisha picha za anga. Maofisa wa usalama walishtuka. Zikarudishwa, viwanja vya ndege na sehemu nyingine za kijeshi zikafunikwa kwa mashamba ya bandia au mawingu ya kuchora, na nakala zilizosafishwa zikachukua nafasi ya zile za mwanzo. Leo zote mbili zinaweza kutazamwa bega kwa bega katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Na kama kungekuwa na nakala moja tu iliyobaki, ile iliyosafishwa, nani angejua?

Jibu mojawapo lilitoka mahali pasipotarajiwa. Wakati wa Vita Baridi, majeshi ya Sovieti yalichora kwa siri miji ya Uingereza kwa undani mkubwa, majina yakiandikwa kwa herufi za Kirusi, na madaraja yakipewa vipimo vyake pamoja na uzito yanaoweza kubeba. Baada ya dola hiyo kuvunjika, ramani zilianza kuuzwa Riga, mji mkuu wa Latvia. John Davies, aliyekuwa mhariri wa Sheetlines, alizikuta huko, na pamoja na mwanazuoni Alexander Kent akazichunguza kwa njia ileile ya wapenzi wa ramani: pambizo kwanza, tarehe, namba za uchapaji, kisha kulinganisha na shiti la Ordnance Survey la eneo hilohilo. Mfano wa Chatham, kusini mashariki mwa Uingereza, unatosha. Ramani ya Kisovieti ya 1984 inaonyesha majengo ya gati la jeshi la wanamaji, ambako nyambizi zilijengwa. Ramani ya Kiingereza ya wakati huo ina nafasi tupu. Raia wa Uingereza aliyelipia ramani hizo kwa kodi yake alifichwa kitu ambacho Moscow ilikuwa nacho kimechapwa kwa rangi.

Hapa namrudia Harley. Kabla ya kufa 1991 alikuwa ameandika sana kwamba ramani ni chombo cha mamlaka, kwamba kimya chake kina maana kama maandishi yake. Waliovutwa na hoja hiyo vyuoni wamekuwa wakiwadharau wahesabu mikwaju: eti wanapenda karatasi na majalada mazuri ya Ellis Martin, yule mchoraji wa miaka ya 1920 na 1930, na hawaoni dola iliyo nyuma yake. Lawama hiyo ina ukweli wake. Unaweza kusoma kurasa nyingi juu ya rangi ya jalada la toleo fulani bila kukutana na mtu aliyebeba mnyororo wa kupimia, wala mkulima wa Ireland ambaye nchi yake ilipimwa kwa inchi sita kwa maili kuanzia miaka ya 1820 ili kodi ya ardhi ikadiriwe vizuri. Lakini Harley alifika kwenye kimya cha ramani akipitia kwenye mabamba ya shaba. Alijua kuna kitu kimeondolewa kwa sababu alikuwa na nakala mbili na alijua ipi ilitangulia. Anayetaka kusema ramani imeficha lazima kwanza athibitishe kilichokuwepo, lini, na kwenye uchapaji upi. Bila hilo anabaki na shutuma, na shutuma haisimami mbele ya hakimu.

Na sasa nije kwetu, kwa sababu uzi huu umefungwa na historia yetu kuliko wengi wanavyodhani. Charles Close, ambaye chama kile kimebeba jina lake, aliiongoza Ordnance Survey kutoka 1911 hadi 1922. Mwaka 1898, akiwa kapteni, alikuwa mjumbe wa Uingereza kwenye tume ya kuweka mpaka na Wajerumani kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mtu wa Tunduma anayevuka kwenda Nakonde anavuka mstari ambao Close alisimama juu yake na vyombo vyake.

Martin Hotine ndiye aliyeongoza upimaji mpya wa pembetatu wa Uingereza ulioanza miaka ya 1930, uliojenga nguzo za zege zipatazo 6,500 juu ya vilima. Nguzo ya kwanza ilitumika Cold Ashby, Aprili 1936, na leo kuna Waingereza wanaotumia likizo zao kuzitembelea moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo, kati ya 1931 na 1933, Hotine alikuwa Tanganyika akipima tao la meridiani ya 30, mlolongo wa pembetatu uliokusudiwa kuiunganisha Afrika Kusini na Misri. Baada ya vita, mwaka 1946, akawa mkuu wa kwanza wa idara iliyoundwa London kuchora ramani za makoloni. Idara hiyo ndiyo iliyotoa shiti nyingi za moja kwa 50,000 za Kenya, Uganda na Tanganyika, zile ambazo wanafunzi wetu wa jiografia bado wanafundishiwa kusoma kontua. Mwaka 1984 iliunganishwa na Ordnance Survey.

Soma pambizo la mojawapo ya shiti hizo. Utakuta umbo la dunia limeandikwa Clarke 1880. Huyo ni Alexander Ross Clarke, ofisa wa Ordnance Survey aliyefanya hesabu zake Southampton. Utakuta pia rejea, yaani msingi wa kuhesabia mahali, iitwayo Arc 1960, na neno la kwanza, yaani "tao", ni lile tao la meridiani ya 30. Simu yako hutumia rejea nyingine, WGS84. Ukichukua namba za simu na kuziweka moja kwa moja kwenye gridi ya ramani hiyo, utajikuta karibu mita 300 mbali na ulipo. Mita 300 ni shamba la jirani, au ni ng'ambo ya mto unaogombewa na vijiji viwili. Wapima ardhi wetu wanalijua hili vizuri. Mwenyekiti wa kijiji anayeonyeshwa ramani kwenye baraza la usuluhishi haambiwi.

Kenya ina mfano mkali zaidi. Mashamba ya eneo la kati yaliposajiliwa katika miaka ya 1950 na 1960, wakulima walitakiwa kuotesha uzio kwenye mipaka ili uonekane kutoka angani. Ndege zikapita, picha zikakuzwa, mipaka ikafuatishwa juu ya picha ambazo hazikuwa zimenyooshwa kufuata miinuko ya ardhi. Katika nchi ya makorongo kama Murang'a, skeli ya picha moja hubadilika kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Sheria ilikubali hivyo: mpaka ni wa jumla, ekari ni za kukadiria. Lakini mjukuu anayegawana shamba leo anaziona ekari hizo kwenye karatasi ya serikali na kuzichukua kama neno la mwisho. Angesaidiwa sana na mtu wa kumwambia ramani ya usajili ya eneo lake ilitokana na picha ya mwaka gani, uzio ulikuwa umeota au bado, na marekebisho yaliyofuata yaligusa nini.

Hakuna orodha kama hiyo inayopatikana kwa mtu wa kawaida, na haihitaji wizara kuianza. Chama cha Uingereza kilianza na watu waliokuwa na ramani majumbani na hamu ya kulinganisha. Idara za jiografia za Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zina makabati ya shiti za zamani. Ofisi za wilaya zina nyingine, zimekunjwa, zimeliwa na mchwa kwenye kona. Wapo wapima ardhi wastaafu waliotembea vijijini miaka ya 1960 na 1970 kuhakiki majina, wanaokumbuka nani aliulizwa jina la mlima na nani hakuulizwa. Picha za anga za ile idara ya makoloni ziko Edinburgh, kwenye hifadhi ya taifa ya picha za anga. Daftari la kwanza linahitaji safu tano tu: namba ya shiti, toleo, mwaka wa picha, mwaka wa uhakiki wa uwandani, na aliyetoa majina.